Milimita 85, 100 au 150? Kisa cha mpiga picha wa Kibokoni na filta za gradi

"Ami, si ninunue hiyo ya milimita 150 nimalizane nayo?"

Aliyeuliza ni kijana wa Kibokoni, Mombasa, anayejulikana kwa picha za harusi. Safari hii kapata kazi ya aina nyingine: nyumba moja ya wageni ya Mji wa Kale inataka picha nne kubwa za kutundika ukutani. Macheo ya Nyali na mawe yake. Fort Jesus ikitazamwa kutoka ng'ambo ya maji. Majahazi ya Bandari ya Kale. Na kichochoro chenye mnara wa Msikiti wa Mandhry. Mwenye nyumba alimwonyesha picha za mfano kwenye simu, zote mbingu zimekolea rangi na bahari inaonekana hadi mchanga wa chini. Kijana akajua hapo hapo kwamba anatakiwa filta za gradi, kitu ambacho ukumbini hajawahi kukihitaji.

Kwa asiyezijua: ni bapa la kioo au plastiki ngumu, nusu limetiwa giza, nusu liko wazi. Unalitelezesha ndani ya holda iliyofungwa mbele ya lenzi, unalishusha mpaka giza likomee kwenye upeo wa macho. Mbingu inapunguziwa mwanga, bahari inaachwa kama ilivyo. Iliyoandikwa 0.3 inapunguza stopu 1, yaani inapitisha nusu ya mwanga. Ya 0.6 inapunguza stopu 2, inapitisha robo. Ya 0.9 ni stopu 3, inapitisha thumni. Ziko pia za duara za kukaza moja kwa moja kwenye lenzi, lakini hizo mpaka wake umegandishwa katikati ya picha. Mtu anayetaka upeo wa macho ukae kwenye theluthi ya juu hana kazi nazo.

Vifaa alivyonavyo ni hivi. Kamera ya Canon ya sensa ndogo (sensa ni kile kibamba cha ndani kinachopokea picha), ile iitwayo APS-C, na lenzi tatu: 18-55 na 55-250, zote mbili za kipenyo cha mm 58, na 10-18 ya kipenyo cha mm 67. Anaweka akiba anunue kamera ya fulu-fremu, yaani ya sensa kubwa, na lenzi ya 16-35 f/4, ambayo mbele yake ni mm 77. Kipenyo hicho kimeandikwa kwenye ukingo wa lenzi au nyuma ya kifuniko chake, pembeni ya alama ya duara lililokatwa na mstari. Wengi hukichanganya na urefu wa fokasi (zile namba kama 18-55: ikiwa ndogo lenzi inaona kwa upana, ikiwa kubwa inavuta cha mbali) kwa sababu vyote ni milimita.

Sokoni kuna saizi nyingi, lakini kwa mtu kama yeye mambo yanaishia kwenye tatu. Kuna za mm 85 hivi, ambazo kampuni ya Cokin iliziita P, na kampuni ya Lee nayo ina zake. Kuna za mm 100, ambazo Cokin, Lee, NiSi na wengine wengi wanazitengeneza, na ndizo rahisi kupata za mkono wa pili. Kisha kuna za mm 150. Namba hizo ni upana wa bapa. Urefu ni jambo jingine: filta ya gradi ya mm 100 kwa kawaida ni 100 kwa 150, ili uweze kuipandisha na kuishusha. Akiuziwa ya mraba, 100 kwa 100, ajue kwamba akiishusha sana ukingo wake wa juu utaingia kwenye picha.

Kwa nini si 150

Hoja ya kijana ilikuwa moja tu, nayo ina mantiki yake: ndogo huenda isitoshe, kubwa hutosha kila mahali. Nikamwambia, "Mwanangu, kwanza uliza ya 150 ilitengenezewa nani." Saizi hiyo ilikuja kwa ajili ya lenzi ambazo kioo cha mbele kimetuna na hazina mahali pa kukaza kitu chochote. Mfano unaojulikana ni Nikon 14-24 f/2.8G, lenzi ambayo ringi ya kawaida ya kufungia holda haina pa kushika, kwa hiyo holda yake hufungwa kwa kuizunguka lenzi yenyewe. Kijana hana lenzi ya namna hiyo, na hiyo 16-35 anayoitamani si ya namna hiyo.

Halafu kuna upepo. Mwaka wetu wa pwani ni kaskazi na kusi, na kusi ikishavuma huko Nyali, bapa la upana wa mm 150 mbele ya kamera nyepesi linashika upepo kama tanga. Kamera yake haina uzito wa kushindana na hilo, na picha za alfajiri hupigwa kwa sekunde nzima au zaidi. Tripodi ikitikisika kidogo tu, basi. Bei sitaitaja, ila ajuaye bei za kioo anajua kwamba eneo la 150 kwa 170 ni karibu mara mbili ya 100 kwa 150, na bei hufuata njia hiyo hiyo.

Hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya kisa. Kati ya 85 na 100 ndipo penye kazi.

Kona nyeusi

Tatizo ambalo kila mtu hulitaja ni kona za picha kuwa nyeusi, yaani lenzi pana inaona kingo za holda. Watu hulizungumza kwa kubahatisha, na hali hesabu yake mtu aweza kuifanya nyuma ya risiti. Chukua nusu ya ulalo wa sensa, gawanya kwa urefu wa fokasi. Sensa ya kamera yake ni mm 22.3 kwa 14.9, ulalo wake kama mm 26.8, nusu yake 13.4. Kwenye lenzi ya mm 10 unapata 1.34. Maana yake ni kwamba kila milimita moja unayoisogeza filta mbali na lenzi, nafasi inayotakiwa kwa ajili ya kona inapanuka mm 1.34 kila upande.

Sasa holda. Filta nyingi za saizi hii zina unene wa mm 2, na ukiongeza reli, kila nafasi inakula kama mm 4. Kwa hiyo filta ya pili inadai zaidi ya mm 5 za nyongeza kila upande, na ya tatu hali kadhalika. Ukiweka polaraiza, ile filta ya kukata mng'ao, nyuma ya holda, umesogeza kila kitu mbele tena.

Rudia hesabu kwa fulu-fremu kwenye mm 16: nusu ya ulalo ni 21.6, gawanya kwa 16, jibu 1.35. Ni kitu kile kile. Ndiyo maana maneno ya "fulu-fremu yahitaji 100, sensa ndogo yatosha 85" ni nusu ya ukweli. Mwinamo wa miale ni sawa kwenye lenzi hizi mbili. Kinachotofautiana ni mahali pa kuanzia: mdomo wa 77 umeshatangulia mm 5 kila upande kabla hujaweka filta hata moja. Na kwenye 18-55, hata ikiwa wazi kabisa kwenye 18, jibu ni 0.74 tu. Lenzi hiyo haina ugomvi na saizi yoyote kati ya hizi.

Hatukuishia kwenye karatasi ya hesabu. Tulichukua manila nyeusi tukakata madirisha mawili, moja la upana wa mm 81 na jingine la mm 96, kwa kuwa reli za holda hufunika kama mm 2 za filta kila upande. Vipande vya boksi vikawa vya kuinulia dirisha kutoka mdomo wa lenzi, tukianzia mm 8 na kuongeza 4 kila mara. Kamera ikaelekezwa ukuta mweupe, lenzi kwenye mm 10, tundu f/16. Tundu dogo ni muhimu (namba ya f ikiwa kubwa, tundu la lenzi ni dogo): ukijaribu kwenye f/4.5 kivuli cha kona kinatawanyika, unadhani kimeisha kumbe kipo. Na usitazame kwenye kitundu cha juu cha kuchungulia. Kamera za Canon za bei ya chini huonyesha humo kama asilimia 95 tu ya picha, na hizo asilimia 5 zilizobaki ndizo zenye kona. Tazama kwenye skrini ya nyuma.

Dirisha la 81 kwenye nafasi ya kwanza: safi. Nafasi ya pili: safi likiwa limesimama wima, lakini tulipolizungusha, kivuli kikaanza kuonekana kwenye kona mbili zinazokabiliana. Nafasi ya tatu, likizungushwa, kona hizo zikazama kabisa. Dirisha la 96 halikuonyesha kitu kwenye nafasi zote tatu. Hapo kwenye kuzungusha ndipo wengi wanapokosea wanapojaribu dukani. Hujaribu holda ikiwa wima, wakaridhika, halafu siku wanapiga ufuo unaopanda upande mmoja, wanainamisha holda ifuate mstari wa mchanga, na kona zinaingia giza.

Kwa hiyo kwa lenzi ya 10-18 peke yake, filta moja moja, ya 85 inamfaa kabisa. Kama asingekuwa na mpango wa 16-35 ningemwambia aichukue leo, ni nyepesi na pesa inabaki. Mdomo wa 77 ndio unaogeuza jibu: hapo ya 85 imeshafika ukingoni na filta ya kwanza tu.

Kubwa nayo ina dosari yake

Jambo hili ndilo nililotaka kijana alishike. Ukubwa wa bapa unabadilisha pia namna giza linavyopungua ndani ya picha.

Kila filta ya gradi ina ukanda ambapo giza linageuka kuwa wazi. Ngumu ina ukanda mwembamba, laini ina mpana, na ya wastani iko katikati. Aghalabu mtengenezaji anapokuza bapa, anaukuza ukanda pia. Lakini lenzi ndogo haitazami bapa zima, inatazama kipande tu. Chukulia filta laini ambayo ukanda wake una urefu wa mm 30, uifunge mbele ya 18-55 ikiwa kwenye mm 35. Kipande cha filta ambacho picha inakipitia, kutoka juu hadi chini, ni kama mm 20 na ushei. Maana yake picha yako yote imo ndani ya ukanda. Juu haifiki giza kamili uliloinunua, chini haifiki uwazi kamili. Umelipia stopu 3, mbingu imepata moja na nusu, na bahari nayo imetiwa kiza bila kuombwa. Mtu anarudi nyumbani akisema filta ni feki.

Kwenye lenzi ndefu mambo yanazidi. Mm 200 kwenye f/8, tundu la lenzi ni 200 gawanya kwa 8, mm 25. Kila nukta ya picha inakusanya mwanga kupitia mm 25 za filta kwa pamoja, hivyo hata mpaka mgumu unatoka laini. Linganisha na mm 10 kwenye f/11: tundu halifiki mm 1, na mpaka unachorwa kama ulivyo, ukiwa mgumu unaonekana waziwazi kwenye kila kilichopenya juu ya mstari.

Ndiyo kusema: akichukua mfumo wa 100 kwa ajili ya kesho, asichukue filta laini kwa vifaa vya leo. Hili duka halitamwambia, kwa sababu seti nyingi za kuanzia zina laini ndani yake.

Picha nne, tena kwa macho ya Mombasa

Nilimwomba arudie orodha ya mteja polepole, tuulize kila picha inahitaji nini.

Fort Jesus kutoka ng'ambo. Anakusudia kusimama upande wa English Point, na asubuhi akiwa pale jua liko mgongoni mwake, linapiga kuta za ngome usoni. Mbingu nyuma ya ngome ni ya magharibi, tulivu, na tofauti yake na mawe si kubwa. Hapo filta haihitajiki. Jioni ndiyo kinyume: jua linazama nyuma ya ngome, na hapo 0.6 ina kazi. Mteja hakusema ni saa ngapi, ilibidi akaulize.

Kichochoro cha Mandhry. Hapana, kabisa. Mnara ule ni mweupe na unapanda hadi juu ya picha. Ukishusha filta, nusu ya juu ya mnara inakuwa kijivu na nusu ya chini inabaki nyeupe, na mtu yeyote wa Mombasa ataona kwamba kuna kitu hakiko sawa. Apige picha mbili za RAW, yaani ghafi, kwenye tripodi, moja ya mbingu na moja ya kuta, aziunganishe kwenye kompyuta.

Majahazi yana tatizo la milingoti, ambalo ni lile lile la mnara kwa umbo jembamba. Lakini chombo kinasogea na maji yanasogea, kwa hiyo kuunganisha picha mbili nako kuna taabu. Hapa nilikuwa nusu kwa nusu. Yeye akapendelea kusubiri wingu la kuipunguza mbingu, na sidhani amekosea.

Inabaki Nyali, na hiyo ndiyo picha ambayo filta ilizaliwa kwa ajili yake: mstari wa bahari umenyooka, mawimbi yanacheza, mbingu ya mashariki inawaka. Lakini vidimbwi vya kwenye mwamba, maji yakiwa yamekupwa, vinaleta mtego. Taswira ya mbingu ndani ya maji siku zote ni nyeusi kuliko mbingu yenyewe. Ukiweka filta kali kupita tofauti hiyo, maji yanatoka yanang'aa kuliko mbingu inayojitazama ndani yake, na jicho linakataa hata kama mwenye jicho hajui sababu. Aangalie kipimo kwanza, asiweke 0.9 kwa mazoea.

Alitaka pia filta ya kinyume, ile ambayo giza lake ni kali kwenye mstari na kupungua kuelekea juu, kwa ajili ya jua likiwa juu ya maji. Kwa nchi za kaskazini ya mbali, ambako jua huchomoza kwa kuteleza pembeni na kukawia chini, naielewa. Sisi tuko digrii 4 kusini ya ikweta. Jua letu linapanda karibu wima, dakika 20 baada ya kuchomoza liko kama digrii 5 juu ya mstari. Muda wa kuitumia filta hiyo ni mfupi mno kwa pesa yake. Tukaifuta.

Alichonunua

Holda ya mm 100 yenye nafasi mbili, si tatu. Ringi ya 67 ya sasa, pamoja na ringi ya kupandishia kutoka 58 hadi 67 ili lenzi zake mbili nyingine zitumie holda hiyo hiyo. Filta ya wastani ya 0.9 kwa ajili ya lenzi pana, ambako mawe hupenya juu ya mstari, na ngumu ya 0.6 kwa ajili ya 18-55 na 55-250. Basi. Hakuna laini, hakuna seti, hakuna polaraiza kwa sasa.

Tulibishana kuhusu kioo na plastiki. Plastiki huchubuka, na mchanga wetu wa matumbawe una makali. Kioo hakichubuki upesi lakini kikianguka kwenye mwamba wa Nyali hukiokoti. Alichukua kioo kwa ile 0.9 na plastiki kwa 0.6, uamuzi ambao ungenishangaza kama nisingejua bajeti yake. Nilichomsisitizia ni chumvi: upepo wa bahari unaacha utando kwenye filta ndani ya muda mfupi, na ukiufuta mkavu unasugua chembe za chumvi juu ya kioo. Maji baridi yasiyo na chumvi kwanza, kitambaa baadaye. Chupa moja ya maji mfukoni inatosha.

Siku akipata 16-35, ataongeza ringi ya 77 na kila kitu kingine kitabaki. Akihamia kamera mpya za Canon zisizo na kioo cha ndani, RF 14-35 f/4 nayo ni 77, na RF 15-35 f/2.8 ni 82. Lakini kwenye mm 14 nusu ya ulalo gawanya kwa 14 ni 1.55, si 1.35 tena, kwa hiyo manila na vipande vya boksi vitoke upya kabla hajaamini nafasi ya pili.